Jicho vivu lililofichuka baada ya jicho zima kuugua: uchambuzi wa kisa kutoka Goma

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya wauguzi wa vituo vya afya, walimu wa madarasa ya chini na wazazi. Kinahusu jicho vivu, yaani jicho lisiloona vizuri kwa sababu ubongo haukujifunza kulitumia. Jina la mtoto, mtaa, shule na kila kinachoweza kumtambulisha vimeondolewa. Tarehe zimeachwa kwa ujumla, isipokuwa pale ambapo matukio ya mji yalibadili matibabu moja kwa moja.

Mtoto na familia yake

Msichana alikuwa na miaka sita, mtoto wa tatu kati ya watano, akisoma darasa la kwanza la shule ya msingi. Mama anauza sombe na lengalenga sokoni, baba ni motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria. Nyumbani wanaishi pia na mama mzazi wa baba, na neno lake lina uzito mkubwa pale.

Mtoto alizaliwa kwa wakati wake, akapata chanjo zote, na kadi yake ya kupimwa uzito ilijaa vizuri mpaka alipotimiza miaka mitano. Hakuwa na makengeza. Hakuumwa kichwa, hakusogeza daftari karibu na uso, hakulalamika hata siku moja. Alikimbia juu ya mawe ya volkano kama watoto wengine wa mtaa. Kwa maneno mengine, hakukuwa na dalili ya kumfanya mtu yeyote ashuku macho yake, na kwa aina hii ya ugonjwa hali huwa hivyo mara nyingi.

Siku jicho la kulia lilipofunga

Mwanzoni mwa 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulipita shuleni. Msichana aliamka na kope za jicho la kulia zimevimba na kushikana kwa usaha. Jicho la kushoto lilikuwa jeupe, halina kitu. Asubuhi hiyo alijigonga kwenye fremu ya mlango, kisha akamwaga uji kwa kuweka kikombe nje ya meza.

Siku ya kwanza mama alinunua matone katika duka la dawa la karibu, bila karatasi ya daktari. Chupa aliyotuletea baadaye ilikuwa na dawa ya bakteria iliyochanganywa na kortizoni. Matone ya namna hiyo hutuliza wekundu haraka, ndiyo maana watu huyapenda, lakini yakiwekwa kwenye jicho lenye kidonda cha virusi au kuvu yanaweza kuharibu konea (kioo cha mbele ya jicho), na yakitumika muda mrefu hupandisha presha ya jicho. Bahati yake aliyatumia siku mbili tu.

Alipofika kwenye kliniki yetu mama alisema: "Nilizani bugonjwa imeingia mu macho yote mbili." Ni mawazo ya busara. Ila jicho lililokuwa na ugonjwa lilikuwa moja, na mtoto alikuwa akijigonga huku jicho lisilougua likiwa wazi kabisa. Hapo ndipo kisa chenyewe kilipoanzia. Kama jicho la kushoto lingekuwa linaona sawasawa, kufunga la kulia kusingemfanya mtoto ajigonge mlangoni.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutibu maambukizi peke yake na kumrudisha baada ya siku kumi. Kupima uwezo wa kuona wakati jicho limejaa usaha kungetupa namba zisizo na maana, na mtoto mwenye maumivu hakai kitini. Mama aliandikiwa tarehe ya kurudi kwenye kadi, na akaelezwa waziwazi kwamba wekundu ukiisha bado kuna jambo la pili la kutafuta. Maelezo hayo yalikuwa na kazi kubwa. Familia nyingi huona jicho limekuwa jeupe na hazirudi.

Vipimo

Alirudi. Tulitumia chati ya herufi E, ambayo mtoto huonyesha kwa vidole upande zilikoelekea miguu ya herufi, kwa hiyo haihitaji kujua kusoma. Uoni kamili huandikwa 10/10. Jicho la kulia: 9/10. Jicho la kushoto tulipolipima kwa herufi moja moja: 4/10. Tulipolipima kwa mstari mzima wenye herufi zilizosongamana: 2/10.

Tofauti hiyo ya pili ni alama ya jicho vivu, yaani ambliyopia. Jicho la namna hii hutambua umbo likiwa peke yake, lakini maumbo yakikaribiana yanavurugika. Anayepima kwa herufi moja moja anaweza kumwandikia mtoto namba nzuri kuliko uwezo wake halisi darasani, ambako maneno huja kwa mistari.

Kabla ya kusema "ni jicho vivu" ni lazima kuondoa magonjwa mengine, kwa sababu jina hilo hutolewa pale tu ambapo uoni ni hafifu na jicho lenyewe halina ugonjwa wa kueleza uhafifu huo wote. Tulimulika mboni zote mbili: mwanga mwekundu ulirudi katika macho yote mawili. Mboni ikirudisha weupe, mtoto apelekwe kwa mtaalamu siku hiyohiyo, maana inaweza kuwa mtoto wa jicho au saratani ya retina (pazia la nyuma ya jicho linalopokea picha) ambayo huua. Konea ilikuwa safi, kope haikufunika mboni, na retina pamoja na mshipa wa fahamu wa jicho vilikuwa vya kawaida.

Halafu tukapima nguvu ya macho kwa skiaskopi, kifaa cha kumulika jicho na kusoma mwanga unaorudi; namba zake ni diopta, kizio cha nguvu ya lenzi. Bila matone tulipata +0.50 kulia na +2.75 kushoto. Baada ya kuweka matone ya saiklopentoleti na kusubiri kwa zaidi ya nusu saa, tulipata +1.50 kulia na +5.25 kushoto. Misuli ya jicho la mtoto ina nguvu nyingi za kukaza lenzi, na inaficha sehemu kubwa ya kasoro mpaka ipumzishwe kwa dawa. Mtoto aliyepimwa bila matone hayo hajapimwa. Ninasema hivyo bila kupunguza neno, kwa sababu watoto wengi hupewa miwani dhaifu kwa njia hii, familia ikaona haisaidii, na miwani ikaishia kabatini.

Kwa nini jicho la kushoto liliachwa nyuma

Jicho lake la kushoto ni fupi kuliko la kulia, hivyo picha huangukia nyuma ya retina. Macho mawili hukaza lenzi zake pamoja na kwa kiasi kilekile. Ubongo ulikaza kwa kadiri ile tu iliyotosha kulisafishia picha jicho la kulia, basi ukaishia hapo. Jicho la kushoto likabaki na picha ya ukungu kwa mbali na kwa karibu, mchana kutwa, tangu utotoni. Mtoto ambaye jicho lake moja halioni mbali ana nafuu kidogo, kwa sababu jicho hilo bado hupata picha safi ya vitu vya karibu. Huyu hakuwa na nafuu hiyo.

Sehemu ya ubongo inayoshughulika na kuona hujengeka katika miaka ya mwanzo kwa kutegemea picha inazopokea. David Hubel na Torsten Wiesel walionyesha jambo hili katika miaka ya 1960 kwa paka wadogo waliofungwa jicho moja: jicho lilipofunguliwa lilikuwa zima, lakini seli za ubongo zilikuwa zimeacha kuliitikia. Kazi yao ilipata Tuzo ya Nobel mwaka 1981.

Njia za kuliacha jicho nyuma ni tatu. Makengeza, ambapo ubongo hupuuza jicho lililopinda ili usione vitu viwili. Tofauti ya nguvu kati ya macho kama ya msichana huyu, au kasoro kubwa katika macho yote mawili. Na ya tatu, kitu kinachozuia mwanga: mtoto wa jicho wa kuzaliwa, kope iliyolegea, kovu la konea. Hii ya tatu ni adimu kuliko nyingine lakini ndiyo kali zaidi. Mtoto wa jicho mzito aliyezaliwa nao katika jicho moja anahitaji upasuaji katika wiki za mwanzo, karibu na wiki ya sita. Kwa jumla jicho vivu hukadiriwa kuwapata watoto kati ya 1 na 4 katika kila 100. Katika darasa la watoto hamsini, kuwa na mmoja au wawili si ajabu.

Uamuzi wa pili: miwani kwanza, bila kufunika jicho

Wengi wangeanza siku hiyohiyo kufunika jicho la kulia. Tuliamua kusubiri, kwa sababu mbili.

Kwanza, kwa watoto wenye tofauti ya nguvu, miwani peke yake huinua uoni kwa miezi kadhaa, na baadhi yao hupona bila kufunikwa jicho kabisa. Katika utafiti wa PEDIG, kundi la Marekani linalochunguza macho ya watoto, uliotolewa mwaka 2006, zaidi ya robo ya watoto wa aina hii walipona kwa miwani tu. Pili, jicho lenye 2/10 lingehitaji kubaki peke yake kwa saa kama sita kila siku, na saa sita maana yake ni shuleni na barabarani. Mtoto anayeona 2/10 akiwa katikati ya pikipiki na mawe ya Goma hayuko salama. Miwani ikiinua jicho kidogo, saa zinapungua.

Tuliandika +1.00 kulia na +4.75 kushoto: tumepunguza nusu diopta (0.50) kwa kila jicho, tukaiacha tofauti kati yao kamili. Kupunguza jicho moja tu ili lenzi isiwe nene kungerudisha ugonjwa uleule tunaoutibu.

Miwani kabatini

Baada ya wiki sita alirudi na 2/10 ileile. Miwani ilikuwa mpya, haina hata mkwaruzo. Mama alitazama chini kwanza, kisha akaeleza. Mama mkwe alikuwa amesema miwani humfundisha mtoto kutoona, na kwamba msichana akizoea vioo usoni hatavivua tena. Baba hakupinga, kwa sababu kwake hapakuwa na tatizo la kutibu.

Tuliomba baba na mama muzee, yaani huyo mama mkwe, waje pamoja na mtoto. Walikuja. Baba alisema kwa upole kabisa: "Muganga, uyu mutoto anaonaka. Usiku anatuonyeshaka mpaka moto ya volkano kule juu."

Hatukubishana naye. Tulimpa baba kazi ya kupima yeye mwenyewe. Alitoa noti mbili mfukoni, ya franka 500 na ya franka 1000, akasimama hatua chache mbele ya mtoto. Macho yote yakiwa wazi, mtoto alizitaja bila kusita. Kisha baba akaweka kiganja chake juu ya jicho la kulia la binti yake. Mtoto akanyamaza, akashika mkono wa baba na kuuvuta. "Toa mukono, sioni." Baba alirudia mara ya pili, safari hii akifunika jicho la kushoto, na mtoto akazitaja noti zote mbili mara moja.

Mama muzee aliuliza kama ni uchawi au ni damu ya ukoo. Lilikuwa swali la kweli na lilistahili jibu la kweli: kasoro ya nguvu ya macho mara nyingi hupita katika familia, hakuna aliyemfanyia mtoto kitu, na wadogo zake wapimwe pia. Kuhusu hofu yake ya miwani tulimwambia kwamba ni kweli mtoto ataivaa miaka mingi, kwa kuwa jicho lake ni fupi, na miwani haikulifupisha. Kumdanganya kwamba ni ya miezi michache kungetugharimu baadaye.

Kuanzia siku hiyo miwani ilivaliwa. Mwalimu alimhamishia benchi la mbele, na alizima kejeli za wenzake kwa kuwaeleza darasa zima miwani ni ya nini. Kufikia Agosti jicho la kushoto lilisoma 4/10 kwenye mstari uliosongamana. Vipimo viwili mfululizo vikabaki hapohapo, dalili kwamba miwani imetoa ilichoweza kutoa.

Kufunika jicho la kulia

Mwaka 1743 Mfaransa Buffon aliandika juu ya kufunika jicho zuri ili kulilazimisha lile dhaifu lifanye kazi. Kilichobadilika ni idadi ya saa. Utafiti wa PEDIG wa 2003 ulionyesha kwamba kwa jicho vivu la wastani, saa mbili kwa siku zilitoa matokeo sawa na saa sita. Jicho lenye 4/10 liko katika kundi hilo. Tungeanza kufunika tangu siku ya kwanza, tungekuwa tunaomba saa sita; kusubiri kulimwondolea mtoto saa nne kwa siku.

Saa mbili zipi? Mama ndiye aliyechagua. Mtoto hurudi shuleni, hula, na kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni bado kuna mwanga. Baada ya hapo giza huingia na umeme si wa kutegemea. Dada mkubwa alikuwepo nyumbani muda huo. Ratiba yoyote ambayo ingetegemea mama, aliye sokoni mpaka jioni, ingevunjika wiki ya kwanza.

Vifuniko vya kubandika vilivyotengenezwa kiwandani vilikuwa ghali mno kwa familia hii. Tulianza kwa gozi (kitambaa cha kufungia kidonda) na sparadra (utepe wa kubandika) juu ya kope. Ngozi ilitoka vipele ndani ya wiki mbili na mtoto akaanza kulia kila saa kumi ikifika. Fundi wa nguo akashona mfuko mdogo wa kitambaa kizito cheusi, unaovishwa kwenye kioo cha kulia cha miwani, wenye bawa linaloziba upande wa sikio. Kifuniko cha namna hii kina udhaifu wake: mtoto huchungulia juu au pembeni. Dada alifundishwa ishara moja tu ya kuangalia, kwamba mdogo wake akigeuza shingo kusoma, anachungulia.

Kazi aliyopewa ilikuwa kuchambua maharagi, kisha kuandika. Hapa kuna imani imeenea kwamba lazima mtoto afanye kazi za karibu ili kifuniko kifanye kazi. Watoto waliolinganishwa katika utafiti wa 2008, wengine wakifanya kazi za karibu na wengine za mbali, walipata nafuu sawa. Maharagi yalikuwa na faida nyingine: yalimkalisha mtoto mahali pamoja, salama, mbele ya macho ya dada, na yalikuwa kazi ambayo nyumba ilihitaji ifanyike. Kabla ya Krismasi jicho la kushoto lilifika 7/10.

Januari 2025

Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia Goma. Familia ilikimbia nyumba, ikakaa kwa ndugu, ikarudi, ikahama tena. Mkono wa miwani ulivunjika siku za kwanza na kioo cha kushoto kikapasuka. Benki zilifungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, na lenzi ya +4.75 haikupatikana dukani. Kwa miezi zaidi ya mitatu mtoto hakuwa na miwani wala kifuniko.

Aliporudi mwezi wa tano alisoma 5/10. Mama alidhani kazi yote imepotea. Haikupotea, alikuwa bado juu ya pale alipoanzia kwa mbali, na tulimwonyesha namba zote kwenye kadi tangu mwanzo. Kurudi nyuma ni jambo linalojulikana hata pasipo vita: karibu mtoto mmoja kati ya wanne hupoteza sehemu ya alichopata ndani ya mwaka wa kwanza baada ya kuacha matibabu.

Lenzi mpya ilipopatikana, lilikuja swali la njia. Dada mkubwa alikuwa amepelekwa kwa shangazi na sasa hakuna mtu wa kusimamia jioni. Mtoto naye, ambaye sasa alikuwa na miaka saba, alikataa kifuniko waziwazi. Tulichagua atropini ya asilimia 1, tone moja katika jicho la kulia kila Jumamosi na Jumapili. Dawa hiyo hulizuia jicho zuri kukaza lenzi, hivyo kwa karibu linaona ukungu na mtoto hulazimika kutumia lile jingine. Haina cha kuvua wala kuchungulia. Tafiti za 2002 na 2004 zilionyesha kwamba atropini hufanya kazi kwa kiwango cha karibu na kifuniko, na kwamba matone ya siku mbili za mwisho wa wiki hayapitwi na matone ya kila siku.

Sababu iliyotufanya tusite ilikuwa mtoto mchanga wa familia, aliyekuwa anatambaa. Atropini ikinywewa ni sumu. Mama alielezwa dalili: uso mwekundu, homa, mdomo mkavu, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa. Alielekezwa kuminya pembe ya ndani ya jicho kwa dakika moja au mbili baada ya tone ili dawa isiteremke puani na kuingia mwilini, kunawa mikono, na kuifungia chupa kwenye sanduku la nguo lenye kufuli. Kofia yenye ukingo ikanunuliwa kwa ajili ya jua, kwa sababu mboni hubaki imepanuka siku kadhaa.

Katikati ya kipindi hiki kipimo kimoja kilitutia wasiwasi. Jicho la kulia, lile zima, lilisoma 7/10. Matibabu yoyote yanayolipumzisha jicho zuri yanaweza kulidhoofisha, na hilo likitokea dawa husimamishwa. Lakini ukungu wa atropini yenyewe nao hushusha namba. Tulisimamisha matone kwa wiki mbili kisha tukapima tena kwa miwani yake: 9/10. Jicho lilikuwa salama, na tangu hapo kila kipimo kilitanguliwa na mapumziko ya dawa.

Matokeo

Mwishoni mwa 2025 jicho la kushoto lilisoma 8/10 na la kulia 10/10. Uwezo wa kuona kina kwa macho mawili pamoja upo, lakini ni wa kiwango cha chini. Vipimo vidogo vya kina bado vinamshinda. Tone limepunguzwa hadi siku moja kwa wiki kabla ya kuachwa. Miwani inaendelea.

Mdogo wake wa miaka minne alipimwa kwa matone kwa sababu ya swali la mama muzee. Alikutwa na +4.00 katika macho yote mawili, akapewa miwani, na hakuna jicho lake lililobaki nyuma.

Uchambuzi

Kilichoufanya mpango huu ushike ni kupangwa kwa vipimo vya nyumba ile: saa ambazo mwanga upo, mtu aliyepo, kazi iliyopo, kitambaa kilichopo. Dawa ya jicho vivu haitolewi kliniki. Kliniki hupima na kupanga, lakini saa mbili za kila siku hutoka kwa dada wa miaka kumi na mmoja. Pale dada alipoondoka, njia ilibidi ibadilike, na kung'ang'ania kifuniko kwa sababu ndicho tulichoanza nacho kungemrudisha mtoto chini.

Jaribio la noti lilifanya kile ambacho maelezo hayangefanya. Baba alikuwa na ushahidi wake, moto wa Nyiragongo unaoonekana usiku, na ushahidi huo ulikuwa sahihi kwa jicho moja. Alihitaji kuona la pili kwa mkono wake mwenyewe.

Maagizo ya kwanza ya miwani yalishindikana kwa sababu yalimfikia mama peke yake, wakati uamuzi wa nyumba ulikuwa kwa wengine wawili. Sparadra ilishindikana kwa ngozi yake. Na hapakuwa na miwani ya akiba. Kwa mtoto mwenye lenzi isiyo ya kawaida, katika mji ambao barabara na uwanja wa ndege vinaweza kufungwa, kuandika nakala ya pili ya vipimo na kumpa mzazi aihifadhi pamoja na kadi ya chanjo si anasa.

Pengo kubwa zaidi linaniuma. Mtoto huyu alipimwa uzito miaka mitano na watu waliokuwa na macho yake mbele yao kila mwezi, kisha akaandikishwa shule, na hakuna aliyewahi kufunika jicho lake moja. Kama macho mekundu yasingepita shuleni angefika miaka kumi na miwili hivyohivyo. Umri huo bado si wa kukata tamaa, maana utafiti wa 2005 ulionyesha kwamba baadhi ya vijana mpaka miaka 17 hupata nafuu, hasa wasiowahi kutibiwa. Lakini nafuu huwa ndogo na kazi huwa ndefu. Watu huambiwa "atakua, itaisha". Haiishi yenyewe, na karoti haziitibu.

Kumpima mtoto kunataka chati ya E, kamba ya kupimia umbali ulioandikwa kwenye chati, na mtu wa kufunika jicho vizuri kwa kiganja bila kuliminya. Mwalimu wa darasa la kwanza anaweza kulifanya darasa lote katika siku chache za Septemba. Aanze na jicho lolote, apime mistari mizima, kisha jingine. Mtoto wa miaka minne ambaye jicho lake mojawapo halifiki 5/10, mtoto wa miaka sita ambaye jicho lake mojawapo halifiki 6/10, au yeyote mwenye tofauti ya mistari miwili kati ya jicho na jicho, apelekwe kwa mtaalamu wa macho, na mzazi aulize kama kituo hicho huweka matone kabla ya kupima.